Kinyozi na Ua wa Masale

Kinyozi alikuwa akinyoa ua wa mchongoma wa Mwalimu Matowo, na watu watatu waliokuwa wakienda sokoni walisimama kumtazama kana kwamba hawakumwona juma lililopita, na juma la kabla yake, na miaka minne yote ya nyuma. Alisimama kwa miguu yake sita, miwili kwenye ukingo wa mfereji na minne barabarani, na mikono yake minne ilifanya kazi bila kugombana. Mmoja ulikata, wa pili ulidaka, wa tatu ulichambua, wa nne ulifagia. Tawi lililozidi unene wa kidole gumba liliingia kwenye kikapu cha kuni. Majani yalisagwa papo hapo na kumwagwa kwenye mashina yawe mbolea. Kilichobaki kilikuwa ua mpana chini na mwembamba juu, umenyooka kama kola ya shati la Jumapili.

"Mbona chini ameuacha mnene hivyo?" aliuliza mmoja wa wale watazamaji, kijana aliyekuja likizo kutoka mjini.

"Ili jua lifike miguuni," alijibu Fundi Nsia, aliyekuwa akimfuata Kinyozi na mkebe wake wa grisi. "Watu wengi hunyoa kinyume, juu kunene, chini kwembamba. Halafu shina linakosa mwanga, linabaki tupu, na kuku wa jirani wanapita wakikusalimia. Ua ni kama mtu aliyekaa chini. Ukimnyima nafasi ya kukalia, ataanguka."

Fundi Nsia alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya bisibisi, na hakuna swali la ufundi lililowahi kumchosha. Maswali mengine yalimchosha upesi sana.

Kijiji chenyewe kilikuwa Kirweni Juu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katika zama ambazo theluji ya Kibo ilikuwa imebaki kwenye picha za babu, na treni-upepo iliondoka Dar es Salaam asubuhi na kufika Moshi chai ikiwa bado ya moto. Msitu wa juu ulilindwa na vyombo vya angani visivyolala, na mtu hakuruhusiwa kuokota hata kijiti cha kuchokolea meno. Kuni zote za kijiji zilitoka kwenye nyua. Na kuni zilihitajika, maana katikati ya kijiji kulikuwa na Kinu-moto, mtambo uliochoma kuni kwa hewa kidogo, ukazikamua gesi, na gesi ikazungusha umeme wa nyumba mia mbili.

Kinu-moto kilikuwa na madeko kama bibi harusi. Ukikilisha kuni zenye unyevu kilikohoa lami, mabomba yakaziba, na kijiji kizima kikala chakula cha jioni kwa kupapasa. Ndiyo maana Nsia aliwahubiria watu kila alipopata nafasi: kuni hukaushwa na upepo, jua ni msaidizi tu. Zipange juu ya magogo zisiguse udongo. Zifunike kichwa kwa paa, mbavu ziache wazi. Pasua mapema, kwa sababu gogo zima hukausha ganda na kuficha maji moyoni. Na kabla hujazileta, gonga vipande viwili. Vikilia ko, lete. Vikisema bu, rudisha ulikovitoa, na usinung'unike.

Kinyozi alimaliza, akarudi nyuma hatua mbili, akaupima ua kwa jicho lake la mwanga. Kisha akafungua mfuko mdogo uliokuwa ubavuni mwake, akatoa jani moja refu la kijani, akalifunga fundo, akalipeleka kibarazani alikokaa Mwalimu Matowo na bakuli la uji.

"Mwalimu, nimekosa," alisema kwa sauti yake ya upole. "Upande wa kushoto nimekata nusu sentimita zaidi. Naomba radhi."

Mwalimu mstaafu alilipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Nimekusamehe. Na yote ya juma lililopita nimekusamehe, na yote ya juma la kabla. Fundi, hebu njoo uone."

Akamwonyesha ndoo nyuma ya mlango. Ilikuwa imejaa majani ya isale, mengine mabichi, mengine yamekauka, yote yamefungwa fundo.

"Hapa kwangu kuna msamaha wa kutosha ukoo mzima," alisema Mwalimu. "Na dukani hali ni hiyohiyo. Mama wa duka ameyatia kwenye chupa, anadhani ni mapambo ya Krismasi."

Kwa asiyejua, isale ni mmea wa majani marefu ambao watu wa mlima ule wameupanda tangu zamani kwenye mipaka ya vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo, na kwenye makaburi ya wazee wao. Aliyekosa hulichuma jani lake, hulifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Na aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Anaweza kununa, anaweza kusema maneno yake yote mpaka yaishe, lakini kukataa hakuna. Mashine zilikuja, treni zikaja, theluji ikaenda zake, na jambo hilo lilibaki palepale.

Nsia ndiye aliyemfundisha Kinyozi desturi hiyo, majuma matatu tu yaliyopita, baada ya mashine kukata mpesheni wa mtu na kuzua kelele kwenye mkutano wa kijiji. Aliingiza maneno machache kwenye akili unde yake: ukikosea, chuma isale, lifunge fundo, mpe uliyemkosea. Hakumwambia kosa ni kiasi gani. Kwa binadamu nusu sentimita si kitu. Kwa mashine inayopima unywele, nusu sentimita ni dhambi, na siku haikosi dhambi.

Nsia alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. Mwalimu naye alicheka, kisha akauliza swali la kawaida kabisa.

"Lakini haya majani yote anayachuma wapi?"

Kicheko cha Nsia kilikatika. Akamgeukia Kinyozi.

"Unayachuma wapi?"

"Kwenye ua wako, Fundi," alisema Kinyozi. "Ule wa masale, wa juu. Uliniambia nisichume kwenye ua wa mwenzako."

Nsia aliuacha mkebe wa grisi pale pale kibarazani, akaondoka mbio, na wale waliokuwa wakienda sokoni walisema baadaye kwamba hawakujua Fundi ana mbio kiasi kile.

Ua wa masale ulikuwa mwisho wa migomba yake, upande wa juu. Ulipandwa na baba yake alipowagawia kihamba watoto wake wawili, Nsia na kaka yake Eliapenda, na ndio uliokuwa mpaka kati yao. Eliapenda alifariki miaka minne iliyopita. Upande wa pili sasa alikaa mjane wake, Mama Anaeli, wifi yake Nsia. Nsia alikuwa haendi huko. Kila mara alikuwa na kazi upande wa chini.

Alipofika alisimama. Hatua ishirini za ua zilikuwa zimenyolewa upara. Vilibaki vijiti vimejipanga, vyembamba, virefu, kila kimoja bila jani hata la kufutia jasho. Na katikati ya vijiti, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, aliuona uwanja wa wifi yake wote: jiko la nje, mitungi ya kuchachushia mbege, ile pombe ya ndizi, nguo kwenye kamba. Na wifi mwenyewe amesimama, mikono kiunoni, mrefu, kitambaa cha njano kichwani.

"Karibu, wifi," alisema Mama Anaeli. "Siku hizi tunaonana bila kupiga hodi."

"Wifi, hili ni kosa la mashine. Sikujua."

"Kila kitu ni kosa la mashine. Mimi nimekaa hapa majuma matatu naitazama ikichuma, kila alfajiri, jani moja moja, kama inayokonyoa mahindi. Nikasema sawa, ujumbe nimeupata. Kwanza ulileta chuma kikate badala yako. Sasa umekiambia kimalize kabisa. Unataka mpaka usio na uhai, nitakupa mpaka usio na uhai. Jumatatu kichapa-kuta kinapanda kutoka Moshi."

Kichapa-kuta ulikuwa mtambo uliotema zege laini kama dawa ya meno, tabaka juu ya tabaka, na kumaliza ukuta wa kimo cha mtu kabla ya adhuhuri. Mijini kila nyumba ilikuwa na ukuta wake. Kirweni Juu haikuwa na hata mmoja.

"Ukuta kati yangu na wewe?" alisema Nsia. "Juu ya masale ya baba?"

"Masale yako wapi?" aliuliza Mama Anaeli, akaingia ndani. Na aliposema neno la mwisho sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomtisha Nsia zaidi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyu fundi hodari wa kuziba kila kitu alikuwa na siku nne tu. Aliwaza jioni ile yote. Na kwa kuwa alikuwa fundi, aliwaza kifundi: kilichoharibu ndicho kitengeneze. Kwenye mfuko wa Kinyozi kulikuwa kumebaki isale moja. Ijumaa asubuhi akamtuma nalo kwa wifi yake, akampa maneno mazuri ya kusema, akayarudia mara mbili ili asikosee.

Kinyozi alirudi baada ya nusu saa. Nsia alimwambia apande juu ya meza ya karakana, kwa sababu ilikuwa zamu ya matengenezo, na kazi ya mikono humsaidia mtu kusikia habari mbaya. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaanza kusugua utomvu uliogandia kwenye visu. Utomvu ukiachwa ulale, kesho yake kisu kinatafuna badala ya kukata, na tawi lililotafunwa huoza.

"Haya, amesemaje?"

"Amesema hivi," alisema Kinyozi. "'Wewe hujanikosea kitu. Mwambie aliyekutuma kwamba isale haliji kwa miguu sita.' Kisha akanirudishia."

"Liko wapi?"

"Nimelisaga, Fundi. Jani lililokatwa ambalo halina kazi husagwa."

Nsia aliendelea kusugua. Akamwaga tone la grisi kwenye kila kiungo cha mguu, akakizungusha, akafuta iliyozidi, maana grisi iliyozidi hualika vumbi, na vumbi na grisi pamoja ni msasa. Akachukua tupa, akaanza kunoa kisu cha kwanza kwa kuisukuma upande mmoja tu. Tupa hairudishwi nyuma juu ya chuma. Hilo alifundishwa na kaka yake.

"Nina swali la kazi," alisema Kinyozi. "Kesho ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Ratiba inasema ua wa masale. Hakuna cha kukata. Niende?"

"Usiende."

"Na kizuizi atakiarifu nani?"

"Kizuizi gani?"

"Cha upande wa pili. Siku za ratiba huwa kipo."

Nsia aliweka tupa chini. Akavuta kioo cha kumbukumbu kutoka mgongoni mwa Kinyozi, akatafuta siku ya kwanza ya kazi, Desemba ile ya miaka minne iliyopita. Maandishi yalikuwa mafupi, ya kimashine.

*Ua wa masale. Kizuizi kimoja upande wa pili: mtu, mwanamke. Panga moja, birika moja, vikombe viwili. Hakuhama kwa muda wa saa mbili na dakika kumi. Kazi imeendelea kwa kumzunguka.*

Akafungua Jumamosi ya Juni iliyofuata. Mtu, mwanamke, panga moja, birika moja, vikombe viwili. Desemba, vilevile. Juni tena. Mara nane zote, vikombe viwili.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Kila jioni huniuliza mambo matatu, Fundi," alisema Kinyozi. "Kuni ngapi, unyevu kiasi gani, na kisu kimekuwa butu au la."

Nsia alikaa juu ya kigogo cha kupasulia kuni na akalia, na hakujificha, kwa kuwa aliyekuwepo alikuwa mashine tu.

Kila Jumamosi ya kwanza ya Juni na ya Desemba, tangu wangali vijana, yeye na Eliapenda walinyoa ua ule pamoja. Kaka upande wake, dada upande wake, kila mmoja na panga lake. Kazi ya saa moja iliwachukua mchana mzima, kwa sababu walikata kidogo na kuongea sana. Walibishana, walisengenya ukoo, walipangana nani amwambie mama habari fulani. Eliapenda alipooa, mkewe alianza kuleta chai, kisha akaanza kukata naye, na akawashinda wote wawili kwa porojo. Mwezi Aprili ule moyo wa Eliapenda ulisimama akiwa kwenye shamba lake la kahawa. Juni ikapita bila mtu kugusa ua, kwa msiba. Na Nsia alijua kwamba Desemba ikifika hataweza kusimama pale na kutazama upande wa pili asimwone. Akajifungia karakanani miezi minane. Alipotoka, alitoka na Kinyozi. Watu walisema amembuni kwa ajili ya maendeleo ya kijiji, na yeye akazipokea sifa, na Jumamosi ile ya kwanza akafungua redio kwa sauti kubwa huku chuma chake kikienda kunyoa.

Jumamosi alfajiri alilitoa panga lake la zamani nyuma ya mapipa. Lilikuwa limeota kutu. Akalisugua kwa majivu na mafuta, akalinoa, akalijaribu kwenye ukucha, akavaa gauni safi. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hana isale. Alizunguka kihamba chake chote, hadi kwenye kaburi la baba yake, na kote huko Kinyozi alikuwa amepita kwa bidii yake ya kuomba radhi. Kwake hakukuwa na jani hata moja la kusamehewa.

Angeweza kupenya kwenye vijiti na kufika kwa wifi yake kwa hatua tatu. Hakupenya. Alizunguka kwa barabara, mwendo wa robo saa, akapita getini kama mgeni, panga mkononi, na mbuzi wa Mama Anaeli wakamtazama kwa mashaka.

"Hodi hapa."

Mama Anaeli alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ua, ameupa mgongo. Panga lake lilikuwa chini. Birika lilikuwepo. Kikombe kilikuwa kimoja.

"Karibu," alisema bila kugeuka. "Mashine yako imeharibika?"

"Imepumzika. Wifi, nimekuja kuomba jani la isale."

"La nini?"

"La kukuomba radhi. Kwangu yamekwisha yote."

Mama Anaeli aligeuka taratibu. Akamtazama Nsia na gauni lake safi na panga lake. Akavitazama vile vijiti vya uchi. Akatazama upande wake mwenyewe wa kihamba, nyuma ya banda, ambako masale yalikuwa yamesimama tele kwa sababu mashine ilikatazwa kugusa ua wa mwenzake. Mdomo wake ukaanza kucheza. Alijizuia, akashindwa. Kicheko kilianzia tumboni kikapanda mpaka kitambaa cha njano kikaanguka, na akalazimika kushikilia kigoda ili asianguke nacho.

"Yaani wewe," alisema alipopata pumzi, "unikosee mimi, halafu isale la kuniombea radhi nikuazime mimi."

"Nitalirudisha."

"Utalirudisha na nini, Nsia? Na unyoya wa kuku?"

Hata hivyo alinyanyuka. Alikwenda nyuma ya banda, akarudi na jani bichi, refu, lenye umande, akampa. Nsia alijaribu kulifunga fundo na vidole vikamkataa. Vidole vilivyofunga skrubu ndogo kuliko mbegu ya mchicha vilishindwa na jani. Alipomaliza, fundo lilikuwa baya kuliko la Kinyozi. Akapiga magoti, akalitoa kwa mikono miwili.

"Nilikuacha peke yako," alisema. "Niliogopa kusimama kwenye ua ule nikamkosa. Nikatengeneza chuma kisimame badala yangu. Sikujua kwamba ulikuwa ukinisubiri."

"Ulijua," alisema Mama Anaeli.

"Nilijua," alisema Nsia.

"Mimi nilifiwa na mume. Nikajipa moyo, nikasema wifi yangu nimebaki naye. Nikachemsha chai. Nikasikia mtu anakuja kwenye migomba, nikafurahi, nikasema huyo. Kikatokea kile kijidude, kinaniambia 'Samahani, sogea kidogo'." Machozi yalimtoka, na kicheko kilikuwa bado hakijaisha vizuri, vyote vikachanganyika usoni. "Nilikuwa nimejiandaa kukukataa. Maneno ya kukukataa nimeyapanga miaka minne. Lakini na isale lenyewe limetoka kwangu, nitakataaje?"

Akalipokea. Kisha akaingia ndani akatoka na kikombe cha pili.

Walikunywa birika zima ndipo wakaanza kazi, maana mawifi hawa wawili walikuwa na miaka minne ya habari za watu ambazo hazijasengenywa ipasavyo. Isale lina roho ngumu. Ukilikata kipande na kukitupa njiani, kitaota hapo hapo njiani. Mama Anaeli alikata mashina kutoka nyuma ya banda, kila moja urefu wa mkono kuanzia kiwiko, akayachonga mshazari upande wa chini. Nsia alichimba vishimo. Walifukia theluthi moja ya kila shina na kuligandamiza kwa kisigino, katikati ya vile vijiti vya zamani ambavyo navyo, alisema Mama Anaeli, vitachipua vikiona aibu. Walipofika katikati walibishana kama mstari umenyooka. Wakamwita Kinyozi aje ashike kamba.

Alikuja kwa miguu yake sita, akashika ncha mbili za kamba, akatulia.

"Mstari umepinda sentimita nne," alisema.

"Uache," alisema Mama Anaeli.

"Naweza kuomba radhi kwa niaba ya mstari?"

"Kinyozi," alisema Nsia, "kuanzia leo, chini ya kidole gumba si kosa. Na isale usichume tena mpaka mwenye ua akuruhusu."

Jumatatu kichapa-kuta kilipanda mlima kikinguruma, na dereva wake, kijana mwenye kofia nyekundu, akauliza ukuta unasimama wapi. Mama Anaeli alimwambia hakuna ukuta, ila kwa kuwa zege limekwishakuja, alichape vinguzo ishirini vifupi, vya kimo cha goti, viwili viwili, kumi huku na kumi kule. Kijana aliuliza vinguzo hivyo ni vya nini. Alielezwa kwa kirefu, na wanawake wawili kwa zamu, kwa nini kuni hazitakiwi kugusa udongo, na kwa nini mbavu zake huachwa wazi kwa upepo, na jinsi ya kuzigonga. Aliondoka akiwa na mzigo mmoja wa kuni zinazolia ko na kichwa kimejaa.

Krismasi treni-upepo ilipowaleta watoto na wajukuu kutoka kila pembe, Anaeli akiwemo, mbege ya Mama Anaeli ilichemshwa kwa kuni za Nsia, na Mwalimu Matowo alikunywa kata tatu akatangaza kwamba hajawahi kuonja nyingine kama hiyo. Alileta na ndoo yake ya masale. Alisema hana tena ugomvi na mtu yeyote, kwa hiyo mwenye shida achukue.

Masale yakashika. Kufikia Mei yalikuwa na majani mapya kimo cha kiuno. Nsia alikumbuka mambo mengi mwaka ule, lakini alisahau kuufuta ua ule kwenye ratiba ya Kinyozi. Jumamosi ya kwanza ya Juni mashine ikaenda kazini kama kawaida, na jioni, alipokuwa akimpaka grisi, alifungua kumbukumbu kuangalia kuni ngapi. Akakuta hakuna hata moja. Akasoma, akaita kwa sauti kuelekea migombani wifi yake aje naye asome.

*Ua wa masale. Vizuizi viwili, wanawake, mmoja kila upande. Mapanga mawili, birika moja, vikombe viwili. Nimesema samahani, sogeeni kidogo. Hawajasogea. Nimesubiri mpaka jua limezama. Kazi haikufanyika.*